Immakulata Aliombwa Izigo

Watu wa Izigo wana midomo, na anayesema hivyo ndiye mwenye mdomo mkubwa kuliko wote. Kwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, pale senta wanabishana mpaka leo juu ya posa: Immakulata aliombwa au hakuombwa? Wengine wanasema siku ile haihesabiki. Wengine wanasema yule binti amesoma mpaka moyo umemkauka. Sasa mimi, Karugendo, ndiye niliyekuwa msemaji wa upande wa binti, nimesimama katikati ya sebule na koti langu la kijivu, kwa hiyo nitaeleza mimi. Niliishia kidato cha pili, lakini hilo lisikusumbue. Mwandiko wangu walikuwa wanausifia walimu walewale waliokuwa wananichapa.

Immakulata ni mtoto wa marehemu dada yangu, Consolata. Baba yake alitangulia, dada akafuata, na mtoto akabaki na bibi yake mzaa baba, Benadetha, kwenye nyumba ya bati iliyo katikati ya kibanja cha migomba na kahawa. Bibi ndiye aliyemlea. Alimsomesha kwa kahawa ile mpaka akaingia chuo kikuu Dar es Salaam, na alipomaliza sisi tukadhani sasa anarudi, kumbe ndiyo kwanza anaanza. Akajiandikisha uzamili. Sisi Wahaya mtu akisoma kidogo tunamwita Nshomile, yaani nimesoma, na mara nyingi tunamwita hivyo kwa kumcheka. Huyu nilimwita Nshomile tangu darasa la tano, na hakuwahi kukasirika.

Anasomea mipango miji. Siku aliponiambia nilimwuliza kwenye simu, "Unapanga miji gani wewe, na mwenyewe umepanga chumba kimoja Sinza?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mjomba, na hicho chumba nachangia choo na wenzangu."

"Basi anza kupanga choo."

Maisha yake yalikuwa hivi. Mchana anachora ramani kwenye ofisi ya wapima ardhi, jioni anakimbilia darasani, akitoka huko anaandika tasnifu. Juu ya hayo alikuwa na mchumba, Mugisha, kijana wa Kilutheri, kwao Bakoba pale mjini Bukoba, anafanya kazi kwenye ofisi ya wanunuzi wa kahawa. Walifahamiana chuoni, yule akarudi Bukoba, huyu akabaki Dar. Mguu mmoja Dar, mmoja Bukoba, na roho iko Izigo. Nilimwambia mtu wa namna hiyo anahitaji miguu ya senene, wale panzi wetu.

Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu. Bibi alikuwa na simu yake ya kitochi, ila kazi ya kubonyeza ilikuwa yangu, kwa hiyo nilikuwa nakaa pale pale kwenye mkeka nasikiliza yote. Bibi alikuwa anapiga kelele kwenye simu kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. La kwanza, siku zote: "Umekula?" Halafu anaanza: mkungu gani umeanguka, ng'ombe wa nani ameingia kwa nani, Agnetha jirani amegombana na nani kisimani. Habari zisizo na kichwa wala miguu. Nikitaka kukata ili kuokoa chaji, nasikia sauti ya Immakulata: "Mjomba, usikate. Mwache aongee tu."

Siku moja nikasikia pua inavutwa huko Dar. "Vipi, Nshomile, Sinza kuna mvua?"

"Kuna mvua, mjomba."

Nilijua hakuna. Ilikuwa kiangazi.

Basi watu wa Mugisha wakaleta ujumbe kwamba wanataka kuja kuomba. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kaka mkubwa wa marehemu baba yake Immakulata, Byarugaba, ana duka Muleba mjini, ana nyumba ya vigae na makochi ambayo bado yana nailoni. Akasema wageni kutoka Bukoba hawawezi kukalishwa kwenye nyumba yenye sakafu ya udongo, waje kwake. Mimi nikaweka simu kwenye spika ili binti amjibu mwenyewe.

"Baba mkubwa," Immakulata akasema, polepole kabisa, "mimi nimekulia nyumba ya bibi. Naomba niombwe kutoka nyumba ya bibi."

Byarugaba akasema, na lazima niwe mkweli, hakusema vibaya: "Mama akiwa hai, nyumba ni yake, atapokea wageni wake. Mimi nitakuja nikae kama mkubwa. Lakini hali yake mnaiona. Siku akifumba macho, mambo ya ukoo yanakuja kwangu, na mambo ya posa hayaguswi mpaka msiba uishe. Mkishindwa kuwahi, msinilaumu."

Ndivyo ilivyo kwetu. Nyumba yenye msiba haiombwi mtu. Na bibi alikuwa anakwisha. Miguu ilikuwa imevimba, moyo umechoka, hospitali walisema apumzike, na yeye akawauliza apumzike kwani kuna mtu amemfukuza. Kila jioni alikuwa ananiuliza, "Karugendo, wale watu wanakuja lini?" Nikamjibu, "Wanakuja, mama. Walutheri wanaimba kwanza."

Tarehe ikasogezwa. Msimamizi wa tasnifu alitaka sura nyingine kabla Immakulata hajasafiri. Ikasogezwa tena, ofisi ilikuwa na kazi ya haraka. Immakulata alikuwa ananipigia anasema, "Mjomba, mwambie bibi anisubiri," kama vile bibi ni basi. Nikamwambia bibi. Akasema, "Mwambie nimekaa."

Mwishowe alikuja, siku ya Alhamisi. Akashuka Bukoba, na kule wakwe zake watarajiwa wakamdaka. Mama yake Mugisha alitaka ajaribu nguo, mawifi walitaka asuke, shangazi fulani alitaka kumwona anavyotembea. Akalala Bakoba. Bibi alikuwa ameoga tangu mchana, amekaa mlangoni na kitenge kipya, na hakuingia ndani mpaka giza lilipomwingiza.

Nilimpigia simu. "Umefika Bukoba tangu asubuhi. Izigo imehamia Rwanda?"

"Mjomba, nimezuiwa kwa heshima. Nitawaambiaje wakwe zangu hapana?"

"Kwa Kiingereza. Si ndicho ulichosomea?"

Hakucheka. Mimi nikarudi kwa bibi nikamwambia gari limeharibika njiani. Bibi akanitazama. "Gari la kwenda kwa mume huwa haliharibiki," akasema, na akajicheka mwenyewe.

Ijumaa alasiri Immakulata akafika na bodaboda, begi mgongoni, nywele zimesukwa vizuri mno. Alishuka kabla pikipiki haijasimama. Alipiga magoti mbele ya bibi, hawakusalimiana, bibi alimshika tu kichwa akakipima kwa mikono kama anayechagua boga.

"Umekula?"

"Nimekula, bibi."

"Mwongo. Shingo hii?"

Jioni ile ndiyo waliyokuwa nayo. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachagua kahawa ya kutafuna. Ile ya kwetu, tunda zima, inachemshwa na majani yenye harufu na kuanikwa juani; mgeni wa heshima anapewa atafune, na kwenye posa mshenga akishaitafuna kwenye nyumba ya binti, basi neno limepokelewa. Bibi aliipika mwenyewe wiki ile, na miguu ile. Alikuwa anaiweka tembe kwa tembe kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko alichokifuma enzi zake.

"Kesho nitawapa kwa mkono wangu," akasema. "Yule mzee wao akitafuna, wewe umetoka hapa. Hakuna atakayesema umetoka kwingine." Halafu akavuta mkono wa Immakulata akaichungulia pete aliyovishwa na Mugisha. "Kapete kenyewe kama jicho la kuku."

"Bibi!"

"Ni kazuri. Kuku anaona mbali."

Niliwaacha wanacheka. Immakulata alilala kitanda kimoja na bibi yake, kama alivyokuwa akilala utotoni.

Jumamosi nilifika mapema, kanzu imenyooka, koti juu. Vijana walikuwa wameshatandika majani mabichi sebuleni, sakafu yote imefunikwa, nyumba inanukia. Agnetha na wanawake wenzake walikuwa huko nyuma wanamenya ndizi. Immakulata nilimkuta ameshavaa, amesimama kwenye mlango wa chumba cha bibi, mlango umefungwa.

"Bibi je?"

"Hakulala vizuri. Aachwe kwanza."

"Na wewe umekaza uso kama askari wa zamu. Cheka kidogo, wasije wakadhani wameitwa kwenye kesi."

Akacheka. Tabasamu la picha ya kitambulisho. Nikamwambia, "Hilo baki nalo, utalitumia kwenye pasipoti." Agnetha akaja na kikombe cha uji wa bibi. Immakulata akakipokea, akaingia, akafunga mlango. Baada ya muda akatoka na kikombe kitupu.

"Ameumaliza?" Agnetha akauliza.

"Umekwisha," akasema.

Wageni walifika na magari mawili, Noah. Mshenga wao alikuwa mzee Kashaija, mwalimu mstaafu, mrefu, mwavuli mkononi ingawa jua lilikuwa linawaka. Nilimpenda mara moja, maana naye alikuwa mwongo wa kiwango changu. Tulipoketi wote, Byarugaba kwenye kiti kikubwa, Mugisha katikati ya shangazi zake na tai inayomkaba, Kashaija akasimama.

"Sisi ni watu wa Bukoba," akasema. "Tumesikia Izigo kuna mtu anapanga miji mizima. Sisi tuna kijana, hana hata kitongoji."

"Kijana wenu ni Mlutheri?" nikauliza.

"Ni Mlutheri."

"Anaimba sauti ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Poleni. Angeimba ya kwanza tungepunguza ng'ombe."

Wakacheka. Kashaija akangoja kicheko kitulie, akasema, kwa sauti nyingine, "Waitu, waheshimiwa, kabla ya yote, tungependa kumwamkia mwenye nyumba. Tumeambiwa yupo mama mkubwa."

"Kweli," Byarugaba akasema. "Karugendo, mama aletwe."

Nikaenda. Nilikuwa bado nacheka utani wangu mwenyewe nilipofungua mlango. Chumba kilikuwa na giza la dirisha lililofungwa, kinanukia dawa ya kuchua na kahawa. Bibi alikuwa amelala amenyooka, kitenge mpaka kifuani, rozari kwenye vidole. Nikasema, "Mama, wamekuja wale waimbaji." Halafu nikaona kitambaa. Kidevu chake kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha kichwa, fundo liko utosini. Mtu aliyelala hafungwi kidevu.

Nyuma yangu mlango ukafungwa. Immakulata alikuwa ameingia na kikapu cha kahawa mkononi.

"Tangu saa ngapi?" nikanong'ona.

"Hakujakucha. Aliniamsha anataka maji. Nilipoyaleta hakuyataka tena."

"Na umemfunga wewe?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Nimwite nani, mjomba? Ningemwita mtu angelia."

Nilitafuta pa kukaa, sikupaona. "Na uji wa Agnetha?"

"Nimeunywa. Nilisimama hapa nikaunywa wote." Akamtazama bibi. "Angeniuliza kama nimekula."

Nikamwambia tutoke tuwaambie watu. Akasimama mbele ya mlango. Sikuwahi kujua ana nguvu zile.

"Tukisema, wanaondoka. Kila kitu kinakwenda Muleba. Nitaombwa kwenye makochi ya nailoni, bibi akiwa kaburini, kama vile nilizaliwa dukani. Jana usingizi ulipokuwa unanichukua aliniambia, 'Nikilala kabla hawajafika, usinililie mpaka watafune.' Nilidhani ni utani wake. Nikacheka, mjomba. Nikageuka ukutani nikalala." Akanishika mkono wa koti. "Wewe si unajua kuongea? Miaka yote tunakusikiliza wewe tu. Leo ongea. Ongea tu, usinyamaze."

Nikafuta uso kwa mkono wa kanzu na nikatoka.

"Mwenye nyumba anawasalimu," nikasema. "Ila amesema mkwe hamwoni mkwe wake kitandani. Wanaotaka kumwona waje na harusi."

Wakapiga makofi. "Mama huyo ana akili," Kashaija akasema. Byarugaba akaanza kuinuka. "Ngoja mimi nimwone, mimi ni mwanawe."

Hapo ndipo nilipoona upana wa jambo lenyewe. Lakini mdomo ulikuwa umeshaachiwa. "Kaa, mzee," nikamwambia. "Amesema wewe akikuona ataanza habari ya yale mabati mapya uliyomwahidi. Mbele ya wageni?"

Nyumba nzima ikacheka. Byarugaba naye akacheka, akakaa, akatikisa kichwa. "Mama huyu," akasema. "Mama huyu hasahau."

Immakulata akaja na kikapu. Akapiga magoti juu ya yale majani mbele ya Kashaija, akafungua kifuniko. Mzee akachukua tembe, akainusa.

"Hii haikununuliwa sokoni."

"Ameipika bibi."

"Lini?"

"Wiki hii. Jana amemaliza kuichagua."

"Na yeye anakubali tutafune?"

"Anakubali," Immakulata akasema.

Kashaija akatafuna. Akachukua Mugisha, naye akatafuna, anamtazama mchumba wake kama mtu anayesoma kitu chenye maandishi madogo. Na mimi nikaongea. Sijawahi kuchekesha kama siku ile. Niliwasimulia jinsi nilivyofukuzwa shule, jinsi nilivyomfundisha padri kuendesha pikipiki, niliiga sauti za ng'ombe wote tunaowataka, dume na majike. Shangazi mmoja wa Mugisha alikuwa anajifuta machozi, ananiomba ninyamaze kidogo apumue. Sikuweza kunyamaza. Ningenyamaza, wangesikia jinsi chumba kile kilivyokuwa kimya.

Wakala. Ndizi, samaki, nyama. Immakulata aliwanawisha mikono mmoja mmoja. Wakaaga, Kashaija akatia mdomoni tembe nyingine ya kahawa, akaniambia mlangoni, "Ndugu yangu, umekosea kazi. Ungekuwa mbunge." Noah zikashuka kilima, na Immakulata akabaki uani anapunga mkono mpaka vumbi likatulia.

Halafu akarudi sebuleni. Byarugaba alikuwa bado kwenye kiti kikubwa, kijiti mdomoni, ameshiba, anacheka peke yake ile habari ya padri. Immakulata akapiga magoti mbele yake.

"Baba mkubwa. Bibi amefariki."

Alimtazama kama hakuelewa lugha. "Sasa hivi?"

"Hapana. Alfajiri."

Alitoa kijiti mdomoni, akakitafutia pa kukiweka, akakiweka mfukoni. Akaenda chumbani. Tukangoja. Sauti iliyotoka kule haikuwa ya mwenye duka Muleba, ilikuwa ya mtoto aliyeachwa njiani. Agnetha akaipokea kwa yowe kule nyuma, wanawake wakaacha masufuria, na kilima kizima kikajua.

Wageni hawakuwa wamefika barabarani. Walikuwa wamesimama chini mtoni kupiga picha. Wakasikia, wakageuza magari. Kashaija aliingia na mwavuli wake, kahawa bado shavuni. Alikwenda mpaka kitandani, akagusa mkono wa bibi, akajaribu kuukunja kidogo. Mtu aliyezika watu wengi haulizi maswali mengi. Akatema ile kahawa kwenye kiganja, akatoka nayo.

"Mwenye nyumba aliwasalimu," akaniambia. "Siyo?"

Sikuwa na neno. Fikiria, mimi.

"Mmetutafunisha kahawa kando ya maiti. Hiyo haikuwa posa. Sisi hatukuomba mtu hapa leo."

"Na mimi sikumtoa mtu," Byarugaba akasema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, macho yamekuwa mekundu. Hakumwambia Kashaija, alimwambia Immakulata. "Posa niliiacha iwe hapa kama ulivyotaka, nikasema sawa. Lakini mama yangu amelala pale, na mimi nimekaa hapa mnanichekesha. Mlinifanya nicheke."

Mugisha akamsogelea Immakulata, tai imelegea.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Wakati unanipa kahawa?"

"Nilijua, Mugisha."

Kijana akafungua mdomo, mama yake akamshika mkono, wakaenda kwenye gari.

Tulimzika bibi nyuma ya nyumba, kwenye migomba, karibu na dada yangu na mumewe. Usiku wa matanga tulilala sebuleni chini kama desturi, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kwenda kukata majani mengine. Tuliyalalia yaleyale ya posa. Yalikuwa yamesinyaa, na humo ndani ukigeuka unakuta kifuniko cha soda, mfupa wa samaki. Siku ya kuzika Mugisha alikuja peke yake na bodaboda, amelowa mvua. Hakusema na mtu. Akavua viatu, akalala kwenye yale majani pamoja na sisi, na kwetu anayelala hapo ni ndugu. Kwa hiyo wanaobishana kilabuni wanijibu hilo.

Msiba ulipoisha, wazee wa pande mbili wakakutana Bukoba wakapatana: posa ianze upya, Muleba, kwa Byarugaba. Mugisha naye akakubali. Nilikuwepo alipombembeleza Immakulata, kabla hajapanda basi la kurudi Dar.

"Ni siku moja tu, Ima. Tunakaa kwenye makochi yao, tunatafuna, tunaondoka. Mimi nakuoa wewe, sioi nyumba."

"Nikiombwa tena," akasema, "nitakuwa nimekubali kwamba siku ile bibi hakunitoa. Atakuwa ameipika ile kahawa bure."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeshaombwa."

"Na wazee wangu wakikataa?"

Alimnyoosha kola, akapanda basi.

Ndivyo ilivyo mpaka ninapoandika. Pete iko kidoleni, tarehe hakuna. Mugisha ananipigia ananiuliza kama mpwa wangu amelainika. Namjibu ajifunze kuimba sauti ya kwanza. Anacheka kwa heshima, anakata. Siku za karibuni sauti yake imekuwa ya mtu anayechoka, na simlaumu. Byarugaba amefunga nyumba ya bibi kwa kufuli. Nilimwomba ufunguo nikawashe moto jikoni mara mojamoja, akanipa bila kunitazama, ila kumsamehe binti, bado. Nami nasema, mbele ya yeyote na hata mbele ya Kashaija: Immakulata aliombwa Izigo, kwenye nyumba ya bibi yake. Niliyempokelea neno ni mimi. Na aliyelipia ni yeye, maana kila mtu alilia siku ile isipokuwa yeye. Mimi sijamwona akilia mpaka leo.

Simu ya kitochi ninayo mimi sasa. Jumapili baada ya misa inalia, ni yeye, anapiga namba ileile. Mara ya kwanza nilijifanya mwerevu, nikapaza sauti kama bibi: "Umekula?" Kukawa kimya kirefu mno, nikadhani salio limeisha.

"Mjomba," akasema, "hilo usiulize. Sema mengine. Sema tu."

Kwa hiyo siku hizi Jumapili asubuhi napita kibanjani kwanza, natazama. Zamani ningetunga. Huyu siwezi kumtungia, analijua kila shina. Jumapili iliyopita nilimwambia Agnetha amegombana na mtu kisimani, na kwamba upepo umeangusha mkungu wa nyuma ya nyumba.

"Umeangukia upande gani?" akauliza.

"Upande wa kaburi."

Nikasikia magari ya Sinza, na yeye anapumua.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea.